Sadaka, Tambiko na Kafara: Maneno ya Madhabahu katika Biblia zetu za Kiswahili

Mzee mmoja wa kanisa, mkazi wa Mirongo hapa Mwanza, alitujia jioni baada ya ibada akiwa na neno moyoni. Mjukuu wake alikuwa mgonjwa huko kijijini, na ndugu za ukoo walikuwa wamekwenda kwa mfumu. Mfumu akapasua kuku, akamtazama ndani, akasema kwamba babu aliyekufa zamani amesahauliwa na wajukuu zake, naye ataka kutambikiwa. Basi ukoo wote wakaagizwa kuchanga, na sehemu ya mzee huyu ikawa mbuzi mmoja. Asubuhi ile alikuwa ametusikia tukisoma habari za Habili. Akatuuliza: "Mwalimu, Mungu alimkubali mwana-kondoo wa Habili, akawakubali ng'ombe na mbuzi wa Waisraeli miaka mingi. Kwa nini basi mbuzi wangu mimi awe dhambi?"

Tulijibu upesi, kama walimu wengi wajibuvyo, ya kwamba zile zilikuwa sadaka, na hii ni tambiko. Yeye akatutazama kitambo, kisha akasema: "Hayo ni majina mawili, mwalimu. Mimi nimeuliza habari za mbuzi."

Neno lile lilituchoma, maana lilikuwa kweli. Tulikuwa tumemjibu kwa tofauti ya maneno, hali yeye ameuliza tofauti ya mambo yenyewe. Tena tofauti ile ya maneno si ya Musa wala ya mitume. Ni ya wafasiri wetu, na wafasiri wenyewe hawakuafikiana. Kwa hiyo twataka hapa kuyapima maneno waliyoyachagua ili kueleza matoleo ya Israeli, tuone yametufaa wapi, na wapi yametufunga macho. Rai yetu, tuiseme tangu mwanzo, ni kwamba neno sadaka limetwikwa mzigo mkubwa mno. Kwamba kwa kuyafunika matoleo yote kwa jina moja tumewazoeza Wakristo wetu kudhani kuwa kutoa ni kulipa. Na kwamba dawa yake si kutafuta neno jipya, bali ni kukifundisha kitabu cha Mambo ya Walawi, ambacho wengi wetu hukiruka.

Kwanza tukumbushane habari za vitabu vyenyewe. Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, ikijengwa juu ya kazi ya Askofu Edward Steere aliyefariki mwaka 1882. Wa Mombasa nao walipata Biblia yao mwaka 1914. Kisha akaja Karl Roehl, mmisionari Mlutheri aliyepata kufanya kazi Usambara, akatoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Shabaha ya Roehl ilikuwa kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka mahali pake maneno ya Kibantu, akiamini kwamba watu wa bara watayaelewa vizuri zaidi. Mwisho ikatoka ile Biblia ya Union, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, ili wasomaji wa Unguja na wa Mombasa wawe na kitabu kimoja. Hiyo ndiyo inayosomwa zaidi makanisani mwa Waprotestanti mpaka leo, ijapokuwa tafsiri nyingine zimekwisha kutoka.

Sasa msomaji akiifungua Biblia ya Union katika Mambo ya Walawi, sura tano za mwanzo, atakuta sadaka ya kuteketezwa, sadaka ya unga, sadaka za amani, sadaka ya dhambi na sadaka ya hatia. Jina la kwanza ni lile lile mara tano. Akiifungua ile ya Roehl atakuta ng'ombe ya tambiko, vipaji vya tambiko, na madhabahu imekuwa mahali pa kutambikia. Kuhani ni mtambikaji, na katika Waraka kwa Waebrania Bwana wetu Yesu Kristo huitwa mtambikaji mkuu. Basi lile jibu tulilompa mzee wa Mirongo lisingaliwezekana kabisa kama mkononi mwetu tungalikuwa na kitabu cha Roehl. Humo Habili, Nuhu na Haruni hawana neno jingine la kazi yao ila hilo hilo tulilomkataza mzee wetu.

Nani alifanya vema? Kabla ya kuhukumu, tutazame asili za maneno, maana humo mna jambo la ajabu ambalo twaona halijaangaliwa vya kutosha na walimu wa bara.

Kiswahili kina maneno manne yaliyotoka Kiarabuni ambayo ni ndugu wa damu wa maneno ya Kiebrania, kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. La kwanza ni dhabihu, pamoja na madhabahu. Hili ni zebah la Kiebrania, yaani mnyama wa kuchinjwa, na madhabahu ni mizbeah, mahali pa kuchinjia. Hapa mfasiri amepata neno sawasawa, wala hatuna la kusema.

La pili ni sadaka. Ndugu yake katika Kiebrania ni tsedaka, na maana yake ni haki, uadilifu. Wayahudi wa baadaye wakaja kuliita hivyo tendo la kumpa maskini, maana kumpa maskini ni kutenda haki. Waislamu wa pwani nao hulitumia kwa maana hiyo hiyo ya kumpa mhitaji kwa ajili ya Mungu, na kwa karamu ya kuwalisha watu. Lakini katika sheria za Musa neno hili halikuwa jina la kitu kiwekwacho juu ya madhabahu. Ni neno la mlangoni, maskini anaposimama na kibakuli. Wafasiri wetu wamelichukua mlangoni wakalipandisha madhabahuni.

La tatu ni kafara. Ndugu yake ni kipper, kufanya upatanisho, na ile siku kuu ya Walawi sura ya 16 huitwa na Wayahudi Yom Kippur hata leo. Kwa Mwislamu mwenye elimu kafara ni jambo la sheria: mtu aliyevunja kiapo hulisha maskini kumi, au akikosa uwezo hufunga siku tatu. Basi kwa asili yake neno hili lilistahili kusimama katikati ya Mambo ya Walawi. Walakini halikuwekwa humo. Limeachwa mikononi mwa waganga, na hapo tutalirudia.

La nne ndilo litakalomshangaza msomaji. Kwa Kiebrania jina la jumla la matoleo yote ni korban, lile lile ambalo Marko amelihifadhi katika sura ya 7 ya Injili yake. Shina lake ni kukaribia. Toleo ni kitu ambacho mtu hukaribia nacho, au hukaribishwa kwacho, mbele za Mungu. Na ndugu yake katika Kiswahili ni neno ambalo kila mtoto hulijua kabla hajajua kusoma: ni karibu. Neno tumwambialo mgeni aliyesimama mlangoni ni la shina moja na neno la madhabahu ya Yerusalemu. Akraba zetu, yaani jamaa walio karibu, nao ni wa shina hilo hilo.

Tazameni basi mambo yalivyopishana. Neno la kumpa maskini limekwenda madhabahuni. Neno la upatanisho limekwenda kwa mganga. Na neno la madhabahu limebaki mlangoni likiwakaribisha wageni. Hatusemi hivi kwa kuwadharau wafasiri. Lugha haifuati asili za maneno, hufuata mazoea ya wasemaji, na mfasiri mwenye busara huyatazama mazoea hayo. Walakini mwalimu apaswa kujua kwamba majina haya yamehamishwa, asije akafundisha kana kwamba yalizaliwa hapo yalipo.

Hasara kubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba matoleo matano yamefanywa moja. Katika kitabu chenyewe hayafanani hata kidogo. Toleo la kuteketezwa lilipanda lote motoni, isipokuwa ngozi iliyokuwa ya kuhani, hakuna aliyelionja. Toleo la unga halikuwa na damu: konzi moja iliteketezwa pamoja na ubani wote, na unga uliosalia ukawa chakula cha makuhani. Na jina lake la Kiebrania, minha, maana yake ni zawadi, ndilo jina wanalopewa Kaini na Habili wote wawili katika Mwanzo sura ya 4, wala pale haikutajwa madhabahu. Toleo la amani lilikuwa karamu. Mafuta yaliteketezwa, kidari na paja la kulia vikawa vya kuhani, na nyama yote iliyobaki ikaliwa na mtoaji na jamaa zake. Tena kama ni la shukrani, ilibidi iliwe siku ile ile, isilazwe hata asubuhi. Mtu hawezi kumla ng'ombe mzima peke yake kwa siku moja. Sheria yenyewe ilimlazimisha kuwaita jirani.

Toleo la dhambi lilikuwa na kazi nyingine: damu ilipakwa pembe za madhabahu, na baadhi ya wataalamu, kama Jacob Milgrom, wameonyesha kwamba jina lake laweza kufasiriwa utakaso. Lilipimwa kwa cheo na uwezo wa mtu. Kuhani mkuu alileta ng'ombe dume, mkuu wa watu alileta beberu, mtu wa kawaida alileta mbuzi jike au kondoo jike. Maskini alileta njiwa wawili, na aliyekosa hata njiwa alileta unga, sehemu ya kumi ya efa, kadiri ya lita mbili, bila mafuta wala ubani, naye akasamehewa sawasawa na yule mwenye ng'ombe. Mwisho, toleo la hatia: mtu aliyemdhulumu mwenziwe mali alitakiwa kwanza kuirudisha yote na kuongeza sehemu ya tano, ndipo alete kondoo dume wake kwa kuhani. Kondoo hakuchukua mahali pa deni. Na kwa yule atendaye dhambi kwa kiburi, kwa mkono wa kuinuliwa, Hesabu sura ya 15 haimtajii mnyama yeyote.

Haya yote msomaji wa kwetu huyasikia kwa neno moja: sadaka. Na sadaka kwake ni nini? Ni fedha aiwekayo katika kikapu au bahasha Jumapili. Tumewauliza wanafunzi wa ubatizo zaidi ya mara moja, "Sadaka ni nini?" na wengi wamejibu bila kusita, "Ni pesa ya kanisa." Basi ahubiriwapo kwamba Kristo ni sadaka yetu, asikia nini? Twahofu kwamba asikia habari ya malipo: Mungu alikuwa akidai, Kristo akalipa, na sisi sasa twalipa kidogo kidogo kila Jumapili.

Matunda ya kosa hili yaonekana barazani. Siku hizi wako wahubiri, mijini na vijijini, wafundishao kwamba sadaka ni mbegu: apandaye nyingi atavuna gari, nyumba, mume, au kupona, na asiyevuna ni kwa kuwa alipanda haba. Mjane huambiwa atoe mtaji wa gengeni. Wahubiri hao hupenda sana kutaja Agano la Kale, nao hawakosi kutaja madhabahu. Lakini hatujasikia wakitaja zile lita mbili za unga, wala ile sehemu ya tano ya kurudishia uliyemdhulumu. Wasingaliweza kuitumia Biblia namna hiyo kama waumini wetu wangaliwekewa wazi kwamba toleo la shukrani hutolewa baada ya kupata, si kabla yake kama chambo ndoanani. Na kwamba Mariamu na Yusufu, wazazi wa Bwana, walileta jozi ya ndege, sadaka ya maskini, wala hekalu halikuwaona kuwa wapungufu wa imani.

Basi, Roehl alifanya vema kuliko Union? Tumpe haki yake. Neno tambiko kwa msikilizaji wa Usukuma halina habari ya bahasha. Husikia mnyama, damu, ukoo uliokusanyika, mzee anenaye kwa niaba ya wote, na nyama iliwayo pamoja. Yote hayo yamo katika Walawi. Twathubutu kusema kwamba tambiko la wazee wetu liko karibu na toleo la amani kuliko ilivyo bahasha. Katika tambiko hakuna atoaye peke yake. Na mara nyingi wenye ugomvi hutakiwa kupatana kwanza, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo sura ya 5 juu ya yule mwenye kuleta toleo akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Mchungaji awaitaye wazee hao wajinga hawajui, na Walawi pia hawajui.

Tena tofauti si kwamba Waisraeli hawakufahamu habari za kuwatolea wafu. Waliifahamu sana. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, mtu aletaye zaka yake huagizwa kukiri mbele za Mungu kwamba hakumpa mfu kitu chochote katika hiyo. Zaburi ya 106 nayo yawalaumu baba zao kwa kula vilivyotolewa kwa wafu. Sheria haimkatazi mtu jambo lisilomwingia moyoni. Waisraeli walikuwa na masamva wao, kama Wasukuma waitavyo roho za wahenga, na walishawishika kama sisi tushawishikavyo mtoto augupo.

Lakini hapa ndipo neno la Roehl lilipolemewa. Kutambika, katika masikio ya watu wetu, hakuko bila mwenye kutambikiwa, naye ni mfu wa ukoo. Babu wa ukoo mmoja si babu wa ukoo mwingine. Hawezi kutambikiwa na jirani wala na mgeni. Basi neno hili laleta pamoja nalo ukuta wa ukoo, hali Waraka kwa Waefeso wasema kwamba ukuta umebomolewa. Pia laleta hofu. Mhenga hukumbukwa anapokuwa ameudhika. Ugonjwa ndio barua yake. Mwana wa ukoo huuliza, "Nani amekasirika, naye ataka nini?" Akikipata atakacho, hutulia mpaka mara nyingine. Kumwita Kristo mtambikaji mkuu, bila mafundisho mengi, ni kumweka katika safu ya wale wamtulizao mwenye hasira kwa zawadi. Wala Union haikuepukana na hatari ya namna hii, maana kuhani naye, katika Kiarabu cha kale, alikuwa mtabiri, mwenye kufanana na mfumu kuliko Haruni. Hakuna neno lililozaliwa likiwa limebatizwa. Yote hubatizwa kwa kufundishwa.

Sasa tulirudie neno kafara. Wafasiri waliliogopa, na ukilisikia linavyosemwa leo hapa kando ya Ziwa, huwezi kuwalaumu. Tajiri akifiwa na mtoto, watu hunong'ona, "Amemtoa kafara." Basi likipinduka na abiria wengi wakafa, husema hivyo hivyo. Wala si maneno matupu tu. Tangu mwaka 2007 hivi, na kwa miaka kadhaa iliyofuata, katika mikoa hii ya Ziwa watu wenye ualbino waliuawa au kukatwa viungo, kwa uongo wa wale waliosema kwamba viungo hivyo huleta bahati katika machimbo ya dhahabu na katika uvuvi. Mwezi wa Januari mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kuzifuta leseni za waganga wa jadi kwa sababu ya mauaji hayo. Waliouawa walikuwa jirani zetu, na wengine watoto wa shule. Wauaji hawakuwa watu wa mbali wasiopata kusikia Injili. Mikoa hii imesikia Injili tangu miaka ya 1870, wakati wamisionari wa CMS walipofika Kagei mwaka 1877 na Mapadre Weupe walipopita mwaka 1879 wakienda Buganda.

Twajiuliza, na tuulizane sote: katika miaka hiyo mingi tumewafundisha nini watu wetu juu ya damu? Tumewaambia kwamba damu ina nguvu. Tumeimba hivyo. Lakini je, tumewaambia kwa nini? Mtu asikiaye kwamba damu ina nguvu, asiambiwe zaidi, ameachwa mahali pale pale alipokuwa: kwamba uhai wa mwingine waweza kutumiwa kumpatia yeye faida.

Mambo ya Walawi yasema kinyume kabisa, na hili ndilo shina la makala yetu. Katika sura ya 17, aya ya 11, Mungu akataza damu isiliwe, akatoa sababu: uhai u ndani yake, na Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa kwa watu wake juu ya madhabahu kwa ajili ya upatanisho. Angalieni ni nani mtoaji. Sisi hudhani kwamba mwanadamu humletea Mungu damu ili Mungu abadilike. Kumbe Mungu ndiye ampaye mwanadamu njia ili mwanadamu aweze kukaribia. Hakuna aliyemtafuta kwa mganga ili ajulikane ataka nini. Hakuna mtu awezaye kuichukua damu kwa faida yake, maana si yake. Hata ya mbuzi si yake, sembuse ya mwanadamu. Ndiyo maana wale waliowapitisha watoto wao motoni walihesabiwa kuwa wamelitia unajisi jina la Mungu, wala hawakuhesabiwa kuwa wametoa zaidi ya wengine.

Na aya hiyo ndiyo mlango wa kuingilia katika Agano Jipya. Kristo hakutolewa na sisi ili Baba atulie. Baba ndiye aliyemtoa, naye Mwana akajitoa mwenyewe. Waraka kwa Waebrania wasisitiza kwamba ilikuwa mara moja tu, na haukusema hivyo kwa kuhesabu tu. Tambiko hurudiwa kwa sababu aliyetulizwa leo aweza kuudhika kesho. Mbegu ya wahubiri tuliowataja hupandwa tena kwa sababu haikuota. Lakini mtu aliyekwisha kukaribishwa ndani hapigi hodi tena; hukaa, akala. Hapo ndipo neno letu karibu lilipo na kazi kubwa ya kufanya katika mahubiri, nalo halijatumiwa. Sisi tuliokuwa mbali tumekaribishwa: hiyo ndiyo korban, na mwenye nyumba ndiye aliyemleta mnyama.

Je, Mkristo hana tena cha kutoa? Anacho, nacho kimeandikwa. Waraka huo huo, katika sura ya 13, wataja dhabihu mbili zilizobaki: kulikiri na kulisifu jina la Mungu kwa midomo, na kutenda mema na kushirikiana mali. Waraka kwa Warumi, sura ya 12, waongeza ya tatu, nayo ni miili yetu wenyewe, ikiwa hai. Yote matatu ni matoleo ya shukrani; hakuna hata moja la kununulia. Na hapa lile neno sadaka, ambalo tumelilaumu, larudi mlangoni kwake kwa heshima: fedha ya kikapuni ikimfikia mjane na yatima, ni sadaka kweli kweli kwa maana yake ya asili, yaani haki. Ikiwa haimfikii, tusiitetee kwa kutaja madhabahu ya Haruni.

Tulirudi kwa mzee wetu. Tulimwambia kwanza kwamba tulimjibu vibaya, tukamwomba radhi. Kisha tukamwambia kwamba mbuzi wake hana dhambi, wala kuchinja si dhambi, wala kukutana na ukoo si dhambi. Mambo matatu ndiyo tuliyomwomba ayapime: mbuzi huyu aitishwa na nani, atolewa kwa nani, na moyo wa ukoo umtoa kwa hofu au kwa shukrani. Akiitishwa na mfumu, kwa babu, kwa hofu, basi mzee huyu atakuwa anasema kwa tendo lake kwamba uhai wa mjukuu wake umo mikononi mwa mfu, hali kila Jumapili husema kwa kinywa chake kwamba umo mikononi mwa Mungu. Na Mtume Paulo katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 10, asema kwamba mtu hawezi kushiriki meza mbili. Lakini tulimwambia pia asikae Mirongo akijiona safi huku mtoto akiugua. Aende, ampeleke hospitalini kwa gharama ya mbuzi huyo ikibidi. Na mtoto akipona, au hata asipopona, awaite ndugu zake wote, Wakristo na wasio Wakristo, achinje, amshukuru Mungu aliyewapa babu yule na wazee wote waliomtangulia, ataje majina yao kwa heshima bila kuwaomba kitu, na nyama iliwe siku ile ile, jirani maskini wakiwemo.

Alinyamaza, kisha akasema: "Hilo la kuwaita wote, wataliona ni tambiko lako." Tukamjibu kwamba huenda wataliona hivyo mwanzoni, naye atapata nafasi ya kuwaeleza tofauti, maana watakuwa wamekwisha kuketi. Hatukumdanganya kwamba ni rahisi. Ndugu zake waweza kumwita mtupa-ukoo, na mtoto akizidiwa lawama itakuwa juu yake. Mchungaji atoaye shauri kama hili ajue kwamba amemtwika mtu mzigo, naye aende pamoja naye kijijini. Shauri la kutoka mezani peke yake halitoshi.

Kwa walimu wenzetu twatoa mambo mawili. La kwanza: msiogope kuyafundisha matoleo matano, kila moja kwa siku yake, katika darasa la ubatizo, na muanze na la amani, maana hilo watu wetu wamekwisha kulijua nusu yake. La pili: msibadili maneno ya Biblia iliyomo mikononi mwa watu, bali yaelezeni. Neno sadaka litabaki. Lakini kila lisomwapo katika Walawi, mwalimu na aseme ni toleo gani, na nani alikula. Tena twawaomba ndugu walioko Ukerewe, Geita, Magu na Sengerema watuandikie: je, katika lugha za huko liko neno la kumkaribisha mtu mbele ya mkuu pamoja na zawadi yake, lisilo na habari ya wafu wala ya hofu? Kama liko, lingetusaidia sana katika kueleza, nasi tutafurahi kulipokea na kulipiga chapa.